Nyumbu wa Absalomu na kola ya koti langu

Utotoni niliamini kwamba Absalomu alikufa akiwa amepanda nyumbu wa Serengeti. Sikuona tatizo lolote. Biblia yetu ya Kiswahili, 2 Samweli 18, inasema Absalomu alikuwa juu ya nyumbu wake, nyumbu akapita chini ya matawi ya mwaloni mkubwa, kichwa cha bwana kikanasa mtini, nyumbu akaendelea na safari zake. Nyumbu niliyemjua mimi ni yule wa kwenye kalenda iliyotundikwa sebuleni kwa bibi, mwenye ndevu, akivuka mto Mara huku mamba wanamsubiri. Nikawa nawaza tu kwamba watoto wa Daudi walikuwa majasiri, maana yule hapandiki. Nilikuwa kidato cha pili ndipo mwalimu mmoja akaniambia kuwa jina ni moja, wanyama ni wawili. Yupo nyumbu wa porini, na yupo nyumbu ambaye baba yake punda, mama yake farasi.

Hapo nikapoteza picha nzuri, nikapata kero ambayo mpaka leo haijaisha. Walawi 19:19 inakataza kupandisha mnyama wa aina moja na wa aina nyingine. Sasa huyu nyumbu katokea wapi? Na si wa Absalomu peke yake. Wana wote wa mfalme walikuwa na nyumbu wao (2 Samweli 13:29), na Daudi alipotaka watu wajue kwamba Sulemani ndiye mrithi, aliagiza apandishwe juu ya nyumbu wa mfalme mwenyewe, ateremshwe mpaka Gihoni (1 Wafalme 1:33). Lile ndilo lilikuwa gari la ikulu. Mnyama aliyepatikana kwa tendo lililokatazwa na Torati anambeba mfalme wa Israeli siku ya kutawazwa, na si nabii Nathani wala kuhani Sadoki anayekohoa, na wote wawili walikuwepo.

Marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, walilimaliza jambo hilo upesi: kilichokatazwa ni kumzalisha, kumpanda ruksa. Na Ezekieli 27:14 inataja nyumbu katika orodha ya bidhaa zilizokuwa zikipelekwa Tiro kutoka Togarma, kwa hiyo soko la nyumbu lilikuwepo, na mtu aliweza kununua kosa la mwenzake likiwa limeshakua na kufundishwa kubeba mizigo. Ni jibu la kisheria, zuri kwa wakili. Mimi lilinibakizia swali: kama mchanganyiko ni uchafu, mbona uchafu huu umewekwa mahali pa heshima hivi?

Sheria zenyewe ni chache. Walawi 19:19 ina tatu: wanyama wa aina mbili wasizalishwe pamoja, shamba lisipandwe mbegu za namna mbili, na mwili usivishwe nguo ya namna mbili zilizochanganywa. Kumbukumbu la Torati 22:9-11 inazirudia kwa namna yake. Shamba linakuwa shamba la mizabibu, nguo inatajwa kwa jina, sufu na kitani, na badala ya kuzalisha tunapata kulima: usifunge ng'ombe na punda kwenye jembe moja. Kwa Kiebrania mchanganyiko wa namna hii unaitwa kilayimu, na ule wa nguo una jina lake la pekee, shaatnezi, neno ambalo hata wataalamu wa Kiebrania hawakubaliani asili yake. Sababu haikutolewa. Rashi, mfasiri mkubwa wa karne ya 11 kule Ufaransa, anasema hizi ni amri za mfalme zisizo na sababu. Mfalme kasema, basi.

Kwetu uchagani sheria isiyo na sababu haikai muda mrefu bila kupewa sababu na mtu mwenye hasira.

Dada yangu alipotaka kuolewa na kijana wa Kisukuma, kilikaa kikao cha ukoo kihambani kwa bibi, yaani katika shamba la migomba linalozunguka nyumba. Baba mkubwa, mzee wa kanisa na msomaji wa Biblia kwelikweli, alikuja na Walawi 19:19 amekunja ukurasa. Akasoma kwa sauti ya mimbarini. Mbegu za namna mbili, Mungu mwenyewe kakataa, mnataka nini tena? Wengine wakatazama chini. Ungejua kihamba kinavyokuwa ungeelewa kwa nini bibi alicheka. Tulikuwa tumekaa chini ya migomba. Chini ya migomba kuna kahawa, pembeni ya kahawa magimbi, katikati ya magimbi maharage yanatambaa yanakotaka, na juu ya vyote miti mikubwa ya kivuli. Hakuna hatua moja ya mraba yenye mmea mmoja. Na shamba la chini, kule tambarare, lilikuwa mahindi na maharage, mstari huu na huu, kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake.

Bibi akamwambia: "Basi mwanangu, anza kung'oa maharage yangu. Ukimaliza uje tuongee habari za mtoto."

Kikao hakikufika mbali baada ya hapo. Dada aliolewa. Lakini mimi niliondoka na kitu kingine, kwa sababu baba mkubwa alipoiacha Biblia mezani niliichukua nikaangalia mstari wa juu yake. Ni ule wa 18. Umpende jirani yako kama nafsi yako. Umekaa pale pale, umegusana na huu wa mbegu. Na ukishuka mpaka wa 34 sura hiyo hiyo inasema mgeni akaaye kwenu mumpende kama nafsi zenu. Mtu anatakiwa aruke huku na huku kama mwenye kuvuka matope ili apate kile alichosoma baba mkubwa.

Kwa haki yake, hakuwa wa kwanza. Kati ya hati zilizopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, iko moja inayotumia sheria hizi hizi za wanyama na nguo kuwalaumu makuhani kwa ndoa walizofunga. Na Ezra 9:2 inalia kwamba mbegu takatifu imechanganyika na watu wa nchi. Upande huo upo ndani ya Biblia, sitaufuta. Ila upo na ule wa Miriamu, aliyemsema vibaya Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi, na aliyepata ukoma ni Miriamu (Hesabu 12). Na Ruthu Mmoabi ni bibi yake Yese, baba wa mfalme Daudi. Paulo naye anapoandika kwa Wakorintho wasifungiwe nira pamoja na wasioamini, ule mstari unaosomwa kwenye kila semina ya wachumba, anatumia neno lililo ndugu wa neno la Walawi 19:19 katika tafsiri ya kale ya Kigiriki. Lakini anazungumzia imani, na hakugusa kabila.

Tuache ndoa, turudi shambani, kwa sababu huko ndiko kuna utamu.

Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, ina kitabu kizima kuhusu kilayimu, sura 9. Ukifungua ukitegemea hotuba juu ya usafi utashangaa. Ni watu wanaobishana kuhusu bustani. Kitu cha kwanza kabisa kusemwa ni kwamba ngano na yale magugu yanayofanana nayo hayahesabiwi kuwa namna mbili. Ni yale magugu ya mfano wa Yesu, Mathayo 13, ambayo adui alikuja kuyapanda usiku. Kwa hiyo mwenye shamba wa ule mfano alikuwa na matatizo mengi, lakini kilayimu haikuwamo. Mbele kidogo wanaeleza jinsi ya kupanda mboga za aina 5 katika tuta moja la viganja sita kwa sita: moja kila upande, moja katikati, bila kosa. Kumbe kuwa jirani si kuchanganyika. Wanachotaka ni jicho la mpita njia lione mpaka. Bibi yangu na mistari yake ya mahindi na maharage angeingia humo na kubishana nao vizuri sana. Na zaidi, kwa sheria hiyo hiyo ya marabi, mbegu za kawaida zinakatazwa kuchanganywa katika nchi ya Israeli tu. Huku mlimani hakuna ambaye angemgusa, hata angekuwa Myahudi.

Halafu kuna wakaguzi. Kila mwaka, tarehe 1 ya mwezi wa Adari wa kalenda ya Kiyahudi, lilitolewa tangazo kuhusu kilayimu, na tarehe 15 watu wa baraza wakatoka kukagua mashamba. Rabi Yuda anasimulia kwamba mwanzoni waling'oa mimea ya ziada na kuitupa mbele ya mwenye shamba. Wakosaji walipozidi, wakaitupa barabarani. Mwishowe wakaamua shamba lote litangazwe kuwa halina mwenyewe. Talmudi, mjadala wa marabi juu ya Mishna, ndiyo inayotupa siri: wenye mashamba walikuwa wakifurahi mara mbili. Kwanza wamepaliliwa bure na serikali, pili wamepata majani ya mifugo! Nikisoma hapo nawaona kabisa, wamesimama pembeni na uso wa majuto, moyoni wanahesabu mizigo ya majani. Mtu yeyote aliyewahi kuishi na mabwana shamba na sheria ndogo za kijiji anawajua watu hawa.

Sababu zilizotolewa baadaye ni nyingi, na baadhi nitazipita. Maimonide, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alisema makuhani wa sanamu walivaa sufu na kitani pamoja, ndiyo maana Israeli wakakatazwa. Nahmanide, mwanachuoni mwingine wa Kiyahudi, akasema anayechanganya aina anajifanya kana kwamba Muumba alisahau kitu. Simulizi moja ya kale inasema Kaini alileta mbegu za kitani na Habili akaleta sufu, na viwili hivyo havitakiwi kukutana tena. Nzuri, lakini ni ya kutungia mahubiri. Kuhusu ng'ombe na punda, Ibn Ezra, naye mfafanuzi wa Biblia wa Kiyahudi, alisema kitu ambacho mkulima hahitaji kuambiwa: nguvu za punda si za ng'ombe. Niliwahi kuwaona wawili hao wamefungwa pamoja, jirani yetu mmoja alipofiwa na maksai wake wakati wa kupanda. Nira ililala upande kama mizani mbovu, punda akawa anakimbia hatua mbili kwa moja ya mwenzake, na mfereji ukatoka umepinda. Walikaa hivyo asubuhi moja tu. Sheria hiyo naiona ni huruma, na sitaitafutia fumbo.

Lililonivuta ni wazo la Mary Douglas, mwanaanthropolojia Mwingereza, ambaye kabla ya kuandika juu ya Walawi alikuwa ameishi na Walele wa Kasai, huko Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1940 na tena mwaka 1953. Walele walimheshimu sana kakakuona. Hebu mfikirie: ana magamba kama samaki lakini anapanda miti, ni mnyama lakini anazaa mtoto mmoja mmoja kama mtu. Hana kundi. Kwa sababu hiyo hasa hawakumwona uchafu wa kutupwa, walimfanya kiini cha ibada. Hilo sisi hatuhitaji kwenda Kasai kulijua. Kakakuona akionekana kijijini Tanzania watu wanaacha kazi, anaitwa Bwana Mganga, anawekewa maji na nafaka na silaha watu waone atakigusa kipi, na viongozi wanaitwa. Douglas alichapisha mwaka 1966 kwamba utakatifu katika Walawi ni ukamilifu, kila kitu kwa jinsi yake kama katika Mwanzo 1, na kinachovuka mpaka ni hatari. Miaka mingi baadaye alikiri hadharani kwamba baadhi ya hoja zake juu ya wanyama wa Walawi zilikuwa na makosa. Nampenda zaidi kwa hilo. Lakini kakakuona wake hakuniacha. Kinachovuka mpaka kinaweza kuwa cha kuogopwa kwa sababu ni kitakatifu.

Sasa fungua Kutoka 26, pale zinapoelezwa pazia za maskani, lile hema la ibada la Israeli. Kitani nzuri yenye kusokotwa, na nyuzi za samawi, za zambarau na nyekundu. Kitani cha zamani kilikuwa kigumu kukubali rangi. Nyuzi za rangi zilikuwa za sufu. Kwa hiyo pazia za nyumba ya Mungu ni sufu na kitani. Naivera, vazi la juu la kuhani mkuu, vivyo hivyo. Mshipi wa Kutoka 39:29, vivyo hivyo. Na juu ya pazia hizo wametariziwa makerubi, viumbe ambao Ezekieli anawaeleza kuwa na sura za mwanadamu, za simba, na za tai. Kila kilichokatazwa kwa mkulima kimejaa ndani ya hema. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 aliyetoka ukoo wa kikuhani, anaandika bila kuzunguka: nguo ya sufu na kitani msivae, kwa kuwa ni ya makuhani peke yao.

Jacob Milgrom, aliyetumia maisha yake kufafanua Walawi, anaanzia hapo hapo. Mchanganyiko umekatazwa kwa kuwa una Mwenyewe. Rudi kwenye Kumbukumbu 22:9 uone sababu iliyotajwa kwa shamba la mizabibu: mavuno yasije yakawa wakfu. Haikusemwa yataoza, wala yatakuwa najisi. Yatakuwa ya madhabahu, na wewe utayakosa. Kisha soma mstari wa 12, unaofuata mara moja baada ya sufu na kitani: jifanyie vishada katika pembe nne za vazi lako. Hesabu 15 inaongeza kuwa kishada kiwe na uzi wa samawi. Uzi wa samawi ni sufu, na vazi linaweza kuwa kitani. Marabi walilitambua hilo, wakaruhusu. Mkulima wa kawaida, mwenye tope miguuni, alitembea na uzi mmoja wa vazi la kuhani mkuu ukining'inia kwenye pindo lake.

Huko Kuntillet Ajrud, kituo cha jangwani Sinai cha takriban mwaka 800 KK kilichofukuliwa na Ze'ev Meshel mwaka 1975 na 1976, nguo nyingi zilizopatikana ni kitani, lakini vipande vichache vimechanganya sufu na kitani. Mahali penyewe pana maandishi ya baraka na maombi ukutani na kwenye mitungi. Nani alivaa nguo zile? Wapo waliosema makuhani. Mimi ningependa iwe hivyo, na kwa sababu ningependa, najihadhari.

Kuna na Ezekieli, anayenivurugia hesabu. Sura ya 44 mstari wa 17 anasema makuhani waingiapo ua wa ndani wavae kitani, sufu isiwaguse kabisa. Sijui nifanye naye nini. Halafu mistari miwili mbele anasema watokapo nje wavue mavazi hayo, wasije wakawatakasa watu kwa mavazi yao. Kwa mkono mmoja ananinyang'anya hoja, kwa mwingine ananirudishia nusu: utakatifu unaambukiza, unashikana na nguo, na watu wanakingwa dhidi yake kama wanavyokingwa dhidi ya waya wa umeme.

Mwaka jana nilinunua koti la mtumba soko la Memorial, Moshi. Koti zito, la kijivu, lebo inasema sufu asilimia 100. Lilikuwa pana mabegani, nikalipeleka kwa fundi. Akafumua bitana kwa wembe, kisha akafika kwenye kola, na ndani ya kola akatoa ulimi wa kitambaa kigumu, rangi ya majani makavu, kile kinachoifanya kola isimame. Nikamuuliza ni kitambaa gani. Hakujibu. Alichomoa uzi mmoja wa koti, akauwasha kibiriti: ukajikunja na kunuka nywele. "Sufu." Akachomoa uzi wa kile cha ndani: ukawaka moja kwa moja, ukanuka karatasi. "Hii si sufu. Pamba au kitani, moto hautofautishi."

Nilicheka peke yangu. Katika miji yenye Wayahudi wengi, New York, London, Jerusalem, wapo wakaguzi wa shaatnezi mpaka leo, na kazi yao kubwa iko mahali pale pale alipokuwa ameshika fundi wangu. Lebo inasema kilicho nje, kilicho ndani ya kola haikitaji. Wao hutumia hadubini. Sufu huonekana na magamba, kitani huonekana na pingili kama za mwanzi. Pamba ikiwa ndani, hakuna neno, vaa. Kitani ikiwa ndani, koti halivaliki mpaka itolewe.

"Niirudishe au nikuwekee nyingine?" fundi akauliza, kashikilia ule ulimi wa kola juu ya cherehani.

Nikamwambia airudishe ile ile.

Desemba nililivaa kwenye kipaimara cha mtoto wa dada. Mtoto mrefu, wa Kisukuma kwa urefu na wa kwetu kwa ubishi. Baba mkubwa alikuwa amekaa benchi la mbele, naye ndiye aliyemnunulia Biblia. Tulipotoka nje nikampa shikamoo. Akaitikia, akanyoosha mkono akaipapasa kola yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayejua vitambaa.

"Koti zuri hili," akasema. "Sufu tupu?"

"Lebo ndivyo inavyosema, baba mkubwa."